Tone lilikataa kuzama: vile nlivyojiandaa mpaka nikaweza kutoa damu hapa Malindi

Mimi ni mtu wa chai. Asubuhi chai ya maziwa na mahamri, saa nne nikiwa dukani chai ya rangi ya tangawizi, mchana nikimaliza tu kula kikombe kiko mkononi, jioni baada ya magharibi tena, na hapa Malindi najua siko peke yangu, kila nyumba birika liko motoni. Naanza na chai kwa sababu ndio iliyotajwa siku ile nlipoenda kutoa damu kwa mara ya kwanza nikarudishwa nyumbani, na tangu hapo kila mwanamke anayeniambia "mimi nlienda wakanikataa, wakasema damu yangu kidogo" namuuliza kwanza anakunywa chai saa ngapi.

Ilikua hivi. Walikua wamepiga tenti kwenye uwanja wa shule, manesi wamekuja na vitanda vyao na makulaboksi, nami nikafunga duka mapema nikaenda. Ukifika unaandikishwa, unapimwa uzito na presha, alafu unachomwa kidole. Nlidhani hiyo ya kidole ni ya malaria, kumbe ile damu nesi aliivuta na kijibomba chembamba akaidondosha kwenye glasi ndogo yenye maji ya buluu. Hayo maji ni ya kopa salfeti, yamechanganywa kwa kipimo maalum kiasi kwamba tone lenye himoglobini ya kutosha, ile nyekundu ya damu inayotengenezwa kwa madini ya chuma, linakua zito kuyashinda na linazama mpaka chini bila kusita, na lisilotosha linasimama katikati ama linapanda juu. Langu lilisimama. Akadondosha lingine, hilo nalo likashuka kidogo likarudi juu, tukaliangalia sote wawili. Akanipima tena kwa kimashine cha mkononi ikaja kumi na moja na pointi, na inayotakiwa hapa Kenya ni 12.5 kwenda juu.

"Mamangu, leo hatutachukua yako," akaniambia, "hii uliyo nayo unaihitaji wewe mwenyewe." Nikamwambia sista, mimi nimekuja na nia, nimeshafunga na duka. Akacheka kwa upole akavuta kiti akakaa. Akaniuliza hedhi yangu ikoje, nakula nini, nimezaa lini, nimeugua malaria karibuni, nakunywa chai saa ngapi. Hiyo ya mwisho ndio nlishangaa. Akanieleza kwamba kwenye majani ya chai kuna kitu kinashika madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe, kunde na mboga, yasipite kuingia kwenye damu, kahawa pia hivo hivo, kwa hivyo mtu anaweza kula mchicha kila siku na asipate faida kubwa kwa sababu ya kile kikombe kinachofuata chakula. Kama nataka chai yangu niinywe, ila niiweke mbali na chakula, saa moja au mbili hivi.

Kabla sijaendelea niseme kwa nini nlikua na nia yenyewe. Wifi yangu alijifungua mtoto wake wa pili vizuri tu, mtoto akalia, sote tukapumua, alafu mji wa mimba haukujikaza na damu ikaanza kumtoka kwa wingi. Wanaojua mambo haya wanajua hiyo haina subira, ni dakika. Ndugu zake wakakimbia wote pale, wengine bado wana samaki mikononi wametoka kushusha mashua, kila mmoja anasema chukueni yangu, chukueni yangu. Daktari akawaambia asanteni, kaeni, mtatoa, lakini damu mtakayotoa saa hii si ya kumtilia yeye saa hii, lazima kwanza ijulikane ni grupu gani, ipimwe virusi vya HIV, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, alafu ilinganishwe na yake. Kilichomuokoa wifi ni mifuko iliyokua ndani ya friji tayari, grupu yake, imeshapimwa. Mtu tusiyemjua alikaa kwenye kitanda siku zilizopita akanyoosha mkono, pengine ni mwanafunzi wa sekondari, pengine ni mwendesha boda. Wifi yuko, mtoto anatambaa sasa. Mimi nlilala usiku ule nikimfikiria huyo mtu, na nikajua nataka kua mtu huyo kwa mwenzangu.

Ndio maana kurudishwa kuliniuma. Lakini sikuliacha.

Nlienda kiliniki na hili nawasisitizia sana dada zangu, damu ikiwa chini usikimbilie tu kununua vidonge dukani, nenda upimwe ujue inapungulia wapi. Inaweza kua hedhi nzito, inaweza kua minyoo, malaria ya mara kwa mara, uzazi wa karibu karibu, na huku kwetu Pwani kuna familia nyingi zenye sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, mtu anaweza kua amebeba nusu yake bila kujua maisha yake yote. Mimi yangu ilikua hedhi na chakula. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikaambiwa choo kitakua cheusi nisishtuke, na tumbo linaweza kufunga kwa hivyo ninywe maji na nile matunda. Jambo moja ambalo nesi alilirudia mpaka nikalikariri: vidonge hivyo viwekwe juu mbali na watoto, vinafanana na peremende na mtoto mdogo akivila vingi ni hatari kubwa, vinaweza kumuua.

Jikoni nako nikabadilisha. Sikuanza kununua vyakula vya ajabu, pesa zenyewe ziko wapi, nlitumia vilivyoko sokoni kwetu. Mchicha, mtsunga, majani ya kunde, mbaazi, ndengu. Maini siku ikipatikana pesa, kidogo tu, hata robo kilo tukagawana. Pweza, ambaye watu wetu wanamjua kwa sifa nyengine lakini ana chuma kizuri. Chuma cha nyama na samaki kinaingia mwilini kwa urahisi kuliko cha mboga, na ukipika vyote viwili pamoja ile nyama inaisaidia mboga nayo iingie. Alafu ndimu. Nlikua natumia ndimu kwa samaki tu, sasa naikamulia kwenye mbaazi, kwenye mchicha, kwenye kachumbari, maana vitamini C ndio inayofungua njia kwa chuma cha mboga, na msimu wa maembe ukifika sisi hapa hatuna kisingizio kabisa, embe la kukatiwa na pilipili linauzwa kila kona. Chai nikaihamisha, saa nne na saa kumi, chakula kikiwa kimeshashuka. Siku za kwanza kichwa kiliniuma baada ya chakula cha mchana kwa kukosa kile kikombe, alafu mwili ukazoea.

Ilichukua miezi, si wiki. Na hapa kuna hesabu moja ambayo ningetaka kila mwanamke aijue kwa sababu inaeleza mambo mengi. Painti moja unayotoa ni kama mililita 450, na ndani yake kuna chuma kama miligramu 200 mpaka 250. Mwili kwa siku unavuta kwenye chakula miligramu moja mpaka mbili tu. Piga mwenyewe. Yale maji ya damu yanarudi ndani ya siku moja mbili, chembechembe nyekundu zinarudi ndani ya wiki kadhaa, lakini akiba ya chuma inachukua miezi kujaa, na sisi wanawake kila mwezi tunatoka damu juu ya hiyo. Kwa hivyo wakikuambia mwanaume baada ya miezi mitatu na mwanamke baada ya miezi minne, usione unabaguliwa. Hata ile sheria ya kilo 50 nayo ina sababu yake, mtu wa kilo 50 ana damu kama lita tatu na nusu, ukimtoa mililita 450 umemtoa karibu asilimia 13, na zaidi ya hapo haifai. Umri ni miaka 16 mpaka 65.

Basi nikarudi. Safari hii nlijua la kufanya na nalieleza kwa urefu kidogo kwa sababu wengi wanaoanguka kwenye viti ni kwa mambo haya haya madogo.

Maji yanaanza jana yake. Huku kwetu hasa wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, joto linakukausha na wewe hujui, jasho limekauka kabla halijaonekana, mtu anafika kwenye tenti mshipa umejificha nesi anautafuta kwa vidole. Nlikunywa maji mchana, nikanywa usiku, na asubuhi yenyewe kama nusu lita muda mfupi kabla ya kulala kwenye kitanda cha kutolea damu, hiyo nusu lita ya mwisho inasaidia sana mtu asizimie. Usingizi nlilala mapema, hakuna tamthilia, hakuna simu. Chakula nlikula, na hili lielewekeni vizuri kwa sababu wapo wanaokuja na njaa wakidhani ni kama kipimo cha sukari cha kufunga. Kula. Ila usile mafuta mazito, kwa sababu mafuta yanaelea kwenye damu na yanaweza kuifanya iwe na ukungu mpaka vipimo vinasumbua. Kwa hivyo viazi karai, bajia na mbaazi za tui zito zilizoogelea nlizisubirisha, nikala uji wa wimbi, mkate na ndizi na yai la kuchemsha. Nguo nlivaa dera lenye mkono mpana, maana mara ile nyengine kuna dada alikuja na baibui lenye mkono wa kubana mpaka ikabidi atafutiwe pahala pa kubadilisha. Ukitaka uhudumiwe na nesi wa kike sema, mimi nlisema na sikuona mtu akikasirika.

Glasi ya buluu ikaletwa. Nesi mwengine si yule wa kwanza. Akadondosha. Tone likaenda chini likalala. Nlisema alhamdulillahi kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Alafu maswali. Unapelekwa pembeni na fomu, unaulizwa mambo ya ndani: umeugua nini, dawa gani unatumia, umechorwa tatuu, umetoboa masikio, umepiga chuku yaani kuumikwa damu, umekua na wapenzi wangapi, umewahi kutibiwa kaswende. Watu wetu wanaona haya, na mimi nliona haya. Lakini nlipofikiria yule mama aliyelala thieta kama wifi, nikaona haya yangu ni kitu kidogo. Vipimo ni vizuri lakini mtu akiwa ameambukizwa juzi tu kipimo kinaweza kisione bado, kuna muda fulani virusi vimo na havijaonekana, na hapo kinga iliyobaki ni ukweli wako wewe. Na hii ndio sababu nyengine naipenda damu ya hiari kuliko ile ya kuitwa ndugu usiku. Ndugu akiitwa mbele ya mama mkwe na mashemeji wote wamesimama, atasema nini? Atasema mimi siwezi kutoa? Atanyamaza atoe. Lakini mtu aliyekuja mwenyewe siku ya kawaida, hana wa kumuangalia, anaweza kusema sista leo nihesabu siwezi, akaenda zake salama. Na kama umepiga chuku, wengi wetu huku tunapiga, sema, watakuambia usubiri kiasi gani. Malaria nayo hivo hivo, inapita kwenye damu, kama umemaliza dawa juzi sema.

Sindano si ndogo, siwadanganyi, ni kubwa kuliko ya kuchomwa bega, lakini ni mchomo mmoja alafu basi. Nlipewa kijimpira nibinye nikiachia, mfuko uko chini pembeni kwenye kimashine unayumbayumba ili damu ichanganyike na dawa ya kuizuia isigande. Dakika nane, kumi. Nesi alinifundisha nikunje miguu moja juu ya nyengine na nikaze mapaja, nilegeze, nikaze tena, damu ibaki ikipanda kichwani, na kweli sikuhisi kizunguzungu. Wengine waliokua kando yangu walikua wanaongea na simu.

Nikiwa nimelala pale nlimkumbuka nyanya yangu. Nlipomwambia asubuhi naenda kutoa damu alishika kichwa. Wazee wetu wamekua na hadithi za mumiani, watu wanaopita usiku na gari wakinyonya watu damu, watoto walikua hawatoki nje baada ya isha kwa ajili hiyo, na kwake yeye si hadithi, ni jambo alilokua nalo utotoni. Sikumcheka na siwezi kumcheka. Nlikaa naye nikamwambia nyanya, wifi yuko hai kwa damu ya mtu. Akanyamaza kidogo akauliza, "Na huyo mtu alilipwa?" Nikamwambia hapana, alipewa soda na biskuti. Akasema basi huyo si mumiani, huyo ana imani. Nadhani tungewaeleza wazee wetu hivo, kwa kuwaonyesha mtu aliyepona, tungefika mbali kuliko kuwaambia wana ujinga.

Baada ya hapo ndio watu wengi wanaharibu. Kijana mmoja siku ile alitoa vizuri kabisa, akaruka kitandani, akaikataa soda, ana abiria anamsubiri kwenye boda, hatua ya tatu akaenda chini. Akalazwa, miguu ikainuliwa juu ya kiti, akaamka baada ya muda mfupi, hakuna kilichoharibika lakini hebu fikiria ingekua yuko barabarani ya kwenda Watamu na mtu nyuma. Kaa ile robo saa. Kunywa. Kula biskuti. Mkono uliochomwa usibebe mtungi wala mtoto siku ile, plasta usiitoe kwa masaa kadhaa, ukiona damu inarudi bonyeza na uinue mkono juu. Pakivimba na kua na rangi weka kitu cha baridi. Ukihisi ganzi ama umeme kwenye mkono usiopoa rudi wakuangalie. Jua la saa saba liepuke.

Na kazi. Nesi huuliza unafanya kazi gani, na watu wanadhani anapiga soga. Jirani yetu ni mgema, anapanda minazi asubuhi na jioni, alikuja nami mara nyengine na alipotaja kazi yake akaambiwa wazi leo jioni hupandi. Akasema na tembo langu la mnazi je, litamwagika. Wakamweleza ukipata kizunguzungu juu ya mnazi huko hakuna kiti cha kukulaza. Akampigia ndugu yake akapande badala yake. Wapiga mbizi wa kamba na pweza hivo hivo, mafundi wa juu ya nyumba hivo hivo, madereva wapumzike. Chagua siku ambayo kesho yake si ya kazi nzito.

Shemeji yangu yeye habari yake ni muguka, yale majani ya jamii ya miraa. Anaendesha tuktuk, anatafuna mchana kutwa, na alikuja kutoa damu akiwa hajalala, hajala, mate makavu, moyo unaenda mbio. Presha ikapanda kuliko inavyofaa wakamwambia rudi siku nyengine. Nlimwambia shemeji, si kwamba wamekukataa, muguka unapandisha presha na mapigo ya moyo, unakata hamu ya chakula na usingizi unaufukuza, yaani vitu vyote ambavyo mtoaji anavihitaji wenyewe unaviondoa. Aliacha siku mbili tu kabla ya mara iliyofuata, akala, akalala, akakubaliwa. Sasa anatoa kila anaporuhusiwa, na mke wake ananiambia zile siku za kujiandaa ndio siku anazoongea na watoto vizuri. Pombe pia, ya mnazi ama ya chupa, iache tangu jana yake, inakausha maji.

Mwezi wa Ramadhani watu wananiuliza sana. Sheikh wetu alitueleza kwamba kwa madhehebu ya Shafi kutoka damu hakubatilishi saumu wala hakutengui udhu, lakini mwili uliokaa bila maji tangu alfajiri katika joto letu hauko tayari kutoa painti. Anayetaka mwezi ule atoe usiku baada ya kufuturu na kunywa maji ya kutosha kama kuna pahala pamefunguliwa, ama atoe Shaaban, mwezi wa kabla yake, ama asubiri baada ya Idi. Na wagonjwa hawapungui Ramadhani, kwa hivyo huo wa Shaaban mimi ndio naupenda zaidi.

Kitu kingine nlichojifunza ni kwamba mfuko wangu hauendi kwa mtu mmoja lazima. Penye vifaa unatenganishwa, chembe nyekundu upande wake kwenye friji ya nyuzi 2 mpaka 6, zile za kugandisha damu zinakaa joto la chumba na maisha yake ni siku tano tu, na maji ya damu yanagandishwa yanakaa muda mrefu. Damu nzima kwenye mfuko wa kawaida inakaa siku 35, alafu basi. Kwa hivyo damu haiwezi kuwekwa akiba ya mwaka mzima kama mahindi ghalani, lazima watu waje, na waje kwa zamu. Na kwa mtoto inahitajika kidogo, mtoto wa kilo kumi aliyeishiwa damu kwa malaria hutiliwa kama mililita 200, karibu nusu tu ya ulichotoa. Nlipojua hivo nikaanza kuwaza watoto wa huku Ganda, Kakuyuni, Mambrui, msimu wa mvua malaria ikipanda, mama amembeba mtoto mweupe viganja na midomo, amepanda boda kutoka ndani huko.

Kadi yangu ilipokuja na grupu nikakuta mimi ni O hasi, ambayo kwetu Waafrika ni wachache wanayo, na nesi akaniambia O hasi ndio hutumiwa kwenye dharura mgonjwa hajajulikana grupu yake. Akanieleza pia mwanamke mwenye grupu hasi akishika mimba amwambie daktari mapema kwa sababu kuna sindano anayohitaji, mtoto akiwa na grupu chanya. Mimi nimezaa na hakuna aliyewahi kuniambia hilo likanikaa kichwani, kwa hivyo naliandika hapa.

Sasa kilicho mbele yetu. Hapa Kenya damu nyingi hutoka kwa wanafunzi, na shule zikifungwa, Aprili, Agosti na hasa Disemba, tenti hazina watu, na Disemba ndio barabara ya Mombasa imejaa magari na mahoteli yamejaa wageni na ajali ni nyingi. Kwa hivyo kwenye chama chetu cha wanawake tumekubaliana sisi tujaze hiyo nafasi ya Disemba. Wifi alitaka awe wa kwanza, akaambiwa bado ananyonyesha, asubiri, akaingia kwenye kupika. Yeye na wenzake wawili ndio wanaotupangia chakula tangu sasa, ndengu na mchicha wa ndimu mara kwa mara, chai hakuna kabla saa moja kupita baada ya chakula. Wenye hedhi nzito washaenda kupimwa, wawili wamepewa vidonge na wameambiwa wangoje mpaka mwakani, hao watakuja kutushikia watoto. Wengine tunatoka pamoja asubuhi saa mbili jua halijakua kali, kila mtu na chupa yake ya maji, na kitambulisho, na dera la mkono mpana. Ambaye uko Malindi na unataka kuungana nasi anza kunywa maji na kuhamisha kikombe chako leo, Disemba si mbali.